Bibi alifichwa uvunguni. Na mimi nimfiche binti yangu?

Swali: "Assalaamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Micheweni, Pemba. Binti yangu wa pili ana miaka 11, na skuli wametwambia wasichana watachanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Wifi yangu anasema hiyo ni ya kufunga kizazi na kwamba ndiyo maana wavulana hawapewi. Bibi yangu, ambaye ana miaka themanini na kitu, akasema na wao utotoni waliwakimbia wachanjaji wa ndui. Mama yake alimficha uvunguni, watu wakaingia uani bila hodi, wakamtoa, wakamchanja. Kovu analo hadi leo. Nataka kujua: wazee wetu walikuwa wajinga, au waliona kitu? Na mimi nimfiche wangu au nimpeleke? Na swali dogo: kwa nini mimi sina kovu kama la bibi?"

Jibu: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah, mama.

Naanza na lile la binti, maana skuli haitakusubiri nimalize maelezo. Usimfiche. Mpeleke, na ukiweza nenda naye. Wanangu wawili wa kike wamechanjwa chanjo hiyohiyo, na niliridhia mwenyewe kwa moyo mweupe.

Ila hukuniomba amri. Umeniuliza kama wazee wetu walikuwa wajinga au waliona kitu, na swali hilo nimelingojea miaka mingi, kwa sababu sisi watu wa afya tumezoea kulijibu kabla ya kuulizwa, na tunalijibu vibaya. Waliona kitu. Nivumilie nikueleze walichoona, kisha uamue mwenyewe kama na wewe unakiona leo.

Tulianzie neno lenyewe. Kuchanja ni kukata: tunachanja kuni, na fundi wa dawa huchanja chale kwenye ngozi akasugua dawa ndani ya damu. Watu wa pwani walikuwa wakichanjwa karne nyingi kabla hajaja daktari mwenye koti jeupe. Dawa ya ndui ilipofika nayo ikiingia kwa kukatwa ngozi, hatukutafuta jina jipya, tulikuwa nalo. Wazungu walipata jina lao kwa ng'ombe, kwa sababu tarehe 14 Mei 1796 daktari Edward Jenner wa Uingereza alichukua majimaji ya kidonda cha ndui ya ng'ombe mkononi mwa mkamuaji maziwa aitwaye Sarah Nelmes, akayatia kwenye mkono wa mtoto wa miaka minane, James Phipps, kisha akaona kwamba ndui ya watu haimshiki. Kilatini ng'ombe ni vacca, na ndiko lilikotoka neno lao vaccine. Sisi hatukumtaja ng'ombe, tulikitaja kiwembe.

Na kabla ya Jenner, watu wa Sudan na wa Uarabuni walikuwa na jambo waliloliita kununua ndui. Mama mwenye mtoto mzima alikwenda nyumba yenye mgonjwa wa ndui nyepesi, wakapatana bei, akachukua usaha au magamba akamtia mwanawe. Mtoto kwa kawaida aliugua kidogo, akapona, akawa salama maisha yake yote. Mwaka 1721 ndui ilipouvamia mji wa Boston, huko Marekani, aliyewafundisha wenyeji njia hiyo alikuwa Mwafrika mtumwa aliyeitwa Onesimus. Alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao Afrika alifanyiwa hivyo utotoni. Daktari mmoja wa mji, Zabdiel Boylston, akaijaribu kwa watu wapatao 240. Akafa mmoja katika kila 40 hivi, wakati walioambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikufa mmoja katika kila saba. Kwa hiyo atakayekwambia pale barazani kwamba kuchanja ni mambo ya kizungu, mtajie Onesimus.

Lakini tazama hesabu hiyo upande wa pili. Mmoja katika 40 alikufa kwa kuchanjwa. Ungekuwa mama yake huyo mmoja, lile la wengine 39 kupona lisingekutosha. Hofu ya kuchanja imeanza siku moja na kuchanja kwenyewe, na haikuanza kwa ujinga. Njia ya Jenner ilikuwa salama zaidi kwa mbali, lakini nayo ilikuja na yake. Karne ya 19 dawa haikukaa chupani. Ilihamishwa mkono kwa mkono, kutoka kidonda cha mtoto aliyechanjwa wiki iliyopita kwenda kwa mtoto wa leo. Huko Rivalta, Italia, mwaka 1861, watoto kadhaa waliambukizwa kaswende kwa njia hiyo. Na sisi watu wa nchi za joto tulikuwa na balaa letu. Dawa ilisafiri kwa meli kutoka Ulaya, na joto lilikuwa likiiua njiani. Mchanjaji alikuwa hajui au hakujali, akachanja kwa dawa iliyokufa, na miezi miwili baadaye ndui ikaja ikamchukua mtoto yuleyule aliyechanjwa. Ujirani mzima ukaona. Dawa kavu inayostahimili joto ilipatikana miaka ya 1950 tu. Sasa mtu aliyeshuhudia mtoto aliyechanjwa akizikwa kwa ndui, akikataa kuchanjwa wanawe, nimwite mjinga?

Hayo ni ya dawa. Katika barua yako, hata hivyo, neno lililonisimamisha ni jingine: wakaingia uani bila hodi.

Wewe ni Mpemba, huna haja ya kufundishwa na mimi maana ya hodi. Mgeni anapiga hodi akiwa nje, anangoja. Anapiga ya pili, ya tatu, akikosa jawabu anarudi alikotoka, na hana haki ya kukasirika. Ua ni wa wanawake na watoto. Mtu anayevuka ua bila hodi, hata akiwa amebeba asali, amekuja kama mwizi. Mama wa bibi yako hakuwa na njia ya kujua kilichomo kwenye kichupa. Alikuwa na njia ya kujua adabu ya aliyekishika, akaipima hiyo. Nami nikiangalia historia ya chanjo duniani, kila pahali watu walipoikataa kwa wingi, nakuta mlango uliovukwa namna hiyo.

Hata Waingereza wenyewe. Mwaka 1853 sheria ililazimisha kila mtoto mchanga achanjwe ndui, baba anayekataa akatozwa faini, akikosa pesa vyombo vyake vikanadiwa. Walichukia. Mwaka 1885 maelfu kwa maelfu waliandamana katika mji wa Leicester. Mwaka 1898 serikali ikalegeza, ikamruhusu mzazi kukataa kwa sababu ya dhamira yake. Usikubali kuambiwa kwamba kuogopa chanjo ni tabia ya watu wa shamba.

Habari ya Kano, kaskazini ya Nigeria, inatugusa zaidi, kwa kuwa ni mji wa Waislamu kama sisi. Mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo, na kampuni ya Pfizer ikaja kujaribu dawa yake mpya kwa watoto wapatao 200, nusu wakipewa dawa mpya na nusu dawa iliyokuwapo. Watoto 11 walikufa, watano kwenye dawa mpya na sita kwenye ile nyingine, na wengine walibaki na ulemavu. Familia zilisema hazikuambiwa kwamba yale ni majaribio. Kesi ilichukua miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na serikali ya jimbo, bila kukiri kosa.

Dawa ile haikuwa chanjo. Lakini mwaka 2003 wachanjaji wa polio walipobisha milango ya Kano, wakiwa na masanduku ya bure kutoka ng'ambo, watu walikuwa wameshaumwa na nyoka, wakaogopa na ung'ongo. Ikasemwa kwamba matone yale yanafunga uzazi. Viongozi wakasimamisha chanjo karibu mwaka mzima. Polio ikatoka hapo ikasambaa nchi zipatazo 20, ikafika Sudan, Saudi Arabia, Yemen, hadi Indonesia. Chanjo iliyokuja kukubaliwa Kano, baada ya kupimwa na wataalamu ambao Wakano wenyewe waliwaamini, ilikuwa imetengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Na watoto wa Indonesia ndio waliokuja kupoozwa mwaka 2005 na kirusi ambacho asili yake ilirudi nyuma mpaka Nigeria. Kila nikiisimulia habari hii moyo unaniuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitaka ubaya pale. Wazazi walikuwa wakilinda watoto wao dhidi ya jambo ambalo kweli liliwahi kufanywa, ila mlinzi alisimama kwenye mlango ambao mwizi hakupitia.

Nataka sasa nikupeleke kisiwani, maana kisiwa tunakijua. Samoa iko katika bahari ya Pasifiki, watu wake laki mbili, hawafiki nusu ya watu wa Pemba. Julai 2018 watoto wawili wachanga walikufa muda mfupi baada ya kudungwa chanjo ya surua. Fikiria kisiwa kidogo, kila mtu anamjua kila mtu. Habari ilienea kabla ya jua kuzama. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chanjo haikuwa na ila. Inakuja kama unga, na muuguzi huichanganya na maji maalumu. Siku ile ilichanganywa na dawa ya kulegeza misuli inayotumika kwenye upasuaji. Wauguzi wawili walifungwa. Lakini serikali ilikuwa imeshasimamisha chanjo hiyo kwa miezi mingi, na hata iliporudishwa wazazi walikuwa hawana tena hamu nayo. Katika mwaka ule watoto wachanga waliochanjwa walishuka hadi kama theluthi moja.

Surua ndiyo maradhi yanayoambukiza kuliko karibu yote tunayoyajua. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huambukiza watu 12 hadi 18. Mwishoni mwa 2019 iliingia Samoa. Waliugua zaidi ya watu 5,700, wakafa 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Wawili walikufa kwa kosa la mikono ya watu, na hofu ya vifo vile viwili ikazaa themanini na tatu.

Desemba ile serikali ilisimamisha shughuli zote siku mbili. Ikawaomba wenye nyumba zilizo na mtu asiyechanjwa wafunge kitambaa chekundu mbele ya nyumba, na wachanjaji wapite mlango kwa mlango. Watu wakafunga. Mapazia, kanda, vipande vya nguo, chochote chekundu. Nilipoziona picha zile nililia, nikamfikiria mama wa bibi yako. Hapa mwenye nyumba ndiye aliyetoa ishara, mchanjaji akaja kwa kuitwa. Lakini ilikuwa imeshachelewa kwa watoto wale.

Bibi yako huenda akapenda habari ya mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida, kwa sababu alikuwa mtu wa pwani yetu hii. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, juu kidogo ya Barawa. Oktoba 1977 alipanda gari kuwaonyesha njia watu waliokuwa wamebeba watoto wawili wagonjwa. Safari ilikuwa fupi, ikatosha. Kwa kazi yake alitakiwa awe amechanjwa, lakini alikuwa akikwepa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa, aliona inauma. Alipona, alhamdulillah. Wachanjaji walizunguka mji na vitongoji vyake, na kwake yeye maambukizi ya kawaida ya ndui yakakoma. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui haipo tena juu ya uso wa dunia. Ugonjwa ulioua mamilioni ya watu, na uliosafiri kwa majahazi ukashuka katika bandari zetu miaka na mikaka, umekwisha kwa kuchanja. Ali mwenyewe baadaye akawa anapita majumbani kuhimiza chanjo ya polio, akiwaambia wazazi kwamba yeye aliyekimbia sindano ndiye wa mwisho kuonja ndui. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyo.

Nyumbani kwetu pia tunayo ya kusimulia. Kipindupindu kimetuandama tangu karne ya 19, na daktari James Christie aliyekuwa Unguja wakati wa wimbi la 1869 na 1870 aliandika jinsi kilivyoingia na misafara na majahazi. Januari na Februari 2009 Zanzibar ilitoa chanjo ya kipindupindu, ya kunywa, katika maeneo sita ya Unguja na Pemba. Walistahiki watu 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili ni 23,921, yaani nusu. Kwa waliokunywa, hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 79. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hata wasiokunywa walipata nafuu pale ambapo majirani zao wengi walikunywa. Kinga ya jirani ni kama ukuta wa pamoja, mmoja akijenga upande wake na mwenzake anapata kivuli. Ile nusu iliyokosa sitaiita kaidi. Mvuvi aliyeko dago hawezi kunywa dozi inayotolewa kijijini siku ambayo yeye yuko baharini, na kazi ya kumtafuta ni yetu.

Na Pemba yenu inasifika katika jambo ambalo Wapemba wenyewe wengi hawana habari nalo: kichaa cha mbwa. Kwa kuchanja mbwa tu, kisiwa kilikitokomeza mwaka 2014. Chanjo ikalegea, mwaka 2016 kikaingia tena kutoka bara, mbwa wakachanjwa upya, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikaondoka tena. Tulichanja, kikaondoka. Tulipolala, kikarudi.

Sasa nije kwa wifi yako, ambaye kwa kweli namheshimu, kwa kuwa anamlinda mtoto wa kaka yake.

Naamini lugha yetu wenyewe imetutega hapa. Kizazi kwa Kiswahili ni tumbo la uzazi, ni uwezo wa kuzaa, na ni watoto na wajukuu wenyewe. Tunasema fulani kafungwa kizazi, fulani kaondolewa kizazi. Kisha sisi wa afya tukaja na tangazo la chanjo ya mlango wa kizazi. Mlango na kufunga ni maneno yanayotafutana. Mama akisikia mlango wa kizazi na sindano katika sentensi moja, lazima asikie kitasa. Ongeza hapo kwamba wanaochanjwa ni wasichana peke yao, kabla ya umri wa kuolewa, bure, skuli, mbali na macho ya mama zao. Wifi yako aliunganisha alivyovisikia. Kosa la kutoeleza ni letu.

Nieleze basi. Mlango wa kizazi ni shingo ya tumbo la uzazi, pale mtoto anapopitia. Saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu yote inaletwa na kirusi kiitwacho HPV, na aina mbili zake, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70. Kirusi hupita kwa kujamiiana, na nakuomba hapa usikimbie mbele ukadhani tunawatuhumu wasichana. Binti anaweza kuolewa bikira, akakaa na mume mmoja wa halali hadi kufa, na bado akakipata kirusi ndani ya ndoa yake, kwa kuwa mume aliwahi kuoa kabla au ana mke mwingine. Nimewahi kumhudumia mama mwenye heshima zake, mcha Mungu, aliyekuja akiwa ameshachelewa. Alikuwa anatoka damu mwaka mzima akiona haya kusema. Alikuwa na umri kama wako.

Kirusi huchukua miaka 15, 20 na zaidi kutengeneza saratani. Ndiyo maana hofu ya ugonjwa huu ni ndogo kuliko hofu ya sindano. Ndui mtu aliiona usoni mwa jirani, na kipindupindu kinazika mtu siku hiyohiyo. Lakini huu unapandwa leo na kuvunwa binti akiwa na wajukuu njiani. Na ndiyo maana umri ni miaka 9 hadi 14. Chanjo haifukuzi kirusi kilichokwishaingia, na mwili wa umri huo hujenga kinga bora kuliko wa mtu mzima. Zamani zilikuwa dozi mbili, na tangu 2024 Tanzania inatoa moja. Sehemu ya ushahidi wa dozi moja ilitoka kwa wasichana wa Tanzania hii hii: utafiti wa Mwanza uliwafuatilia 930, ukaona kinga ya dozi moja inasimama.

Kuhusu wavulana, wifi ameuliza swali la haki. Wavulana hawana mlango wa kizazi, na pale chanjo isipotosha wote, inaanza kwa aliye hatarini zaidi. Lakini Australia inawachanja wasichana tangu 2007 na wavulana pia tangu 2013. Kwa Afrika, Rwanda ilianza nchi nzima mwaka 2011. Hesabu mwenyewe. Msichana wa Australia aliyechanjwa akiwa na miaka 12 mwaka 2007 sasa ameshafika miaka thelathini. Hao wanaolewa, wanazaa, wananyonyesha. Na Uingereza, wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 wamepungukiwa na saratani hii kwa asilimia 87 kulinganisha na waliotangulia kabla ya chanjo. Ukiniuliza mimi, kinachofunga kizazi ni saratani. Tiba yake mara nyingi ni kuondoa tumbo la uzazi lenyewe.

Ndani ya chanjo hamna kirusi, si hai wala kilichouawa. Ni ganda tu la protini linalofanana na umbo la kirusi, mwili ukalitazama ukajifunza sura ya adui. Na nimeulizwa mara nyingi kuhusu nguruwe: gelatini imo katika baadhi ya chanjo nyingine, katika chanjo za HPV haimo.

Anaweza kuumwa mkono siku moja mbili, kupata homa kidogo au kichwa. Baadhi ya wasichana wa umri huu huzirai wakiona sindano, na mmoja akianguka wenzake humfuata. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, kama mmoja katika milioni, nao unatibika papo hapo kama mchanjaji yupo na dawa yake. Basi akae chini robo saa baada ya kudungwa, na asubuhi ale chakula.

Niliona mambo ya kuzirai kwa macho yangu miaka iliyopita, katika skuli moja ya shamba ambayo sitaitaja. Timu yetu ilifika bila taarifa kwa wazazi. Karatasi zilikuwa zimekwama ofisini. Tukawapanga wasichana foleni juani, wakaanza kuanguka, mmoja, wa tatu, wa sita. Saa sita mchana akina baba walikuwa wamejaa getini, na mwenzetu mmoja akawaambia, "Nyinyi tatizo lenu hamkusoma." Nilisikia aibu ambayo sijaimaliza. Wasichana wote walikuwa salama jioni ile. Lakini mwaka uliofuata nusu ya wazazi hawakuwaleta binti zao, na walikuwa na haki ya kutukasirikia. Tulirudi baadaye na sheha, na mwalimu wa madrasa, na mama mmoja wa palepale ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa walioanguka. Tulikaa barazani tukajibu maswali mpaka adhana ya alasiri. Yule mama ndiye aliyefanya kazi, sisi tulinyamaza.

Kwa hiyo siku hiyo nenda, na nenda kama mwenye nyumba. Mwambie mwuguzi akuonyeshe chupa. Chupa nyingi za chanjo zina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani, na mraba huo huwa mweusi kadiri dawa inavyopigwa joto. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, haifai, itupwe. Kile kilichomponza mtoto wa zamani, dawa iliyokufa njiani bila mtu kujua, wewe leo unaweza kukikagua kwa jicho lako. Mwambie akufungulie bomba jipya mbele yako. Mabomba ya chanjo siku hizi hujifunga yenyewe yakitumika mara moja, hayavutiki tena, kwa hiyo habari ya mkono kwa mkono imekatwa mzizi. Kama binti ana homa kali, au alishawahi kuvimba uso kwa dawa yoyote, sema kabla. Mwuguzi mzuri atafurahi kuulizwa. Akikukaripia, mwite mkubwa wake, lakini usimnyime binti kinga kwa ajili ya ulimi wa mtu mmoja.

Na binti mwenyewe aelezwe nyumbani, na wewe, jioni kabla. Ana miaka 11, anaelewa. Bibi yako alitolewa uvunguni akiwa hajui anafanywa nini, na miaka sabini baadaye bado anakumbuka kuogopa.

Wewe pia, kama umeshafika miaka 30, usiishie kumpeleka binti. Nenda ukapimwe. Wanapaka siki laini kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama pamebadilika rangi. Ni dakika chache, na kinachoonekana mapema kinatibiwa kabla hakijawa saratani.

Sasa kovu. Bibi yako kovu lake ni la ndui, duara lenye mashimo mashimo. Wewe huna kwa sababu ndui ilipotangazwa kuisha mwaka 1980 dunia iliacha kuichanja, hapakuwa tena na cha kujikinga nacho. Lakini jitazame mkono wa kulia, juu karibu na bega. Ukikuta kijialama kidogo kama punje, hiyo ni BCG, ya kifua kikuu, uliyopewa ukiwa mchanga. Wengi tunayo na tumeisahau. Ya binti yako haitaacha alama yoyote, kesho yake utatafuta mahali palipodungwa usipaone, kwa hiyo kabla hamjatoka hapo hakikisha wameandika tarehe kwenye kadi yake, na kadi uiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.